Kilichokatwa na Runinga ya Chogo

Lai Chiu-hong alikuwa binti wa Lai Thian-ui, aliyetoka hai siku ya tatu baada ya shimo la dhahabu kumfungia mdomo. Mjukuu wa Lai Kim-su, aliyepanda ngazi zote za mji wetu na jiwe la kusagia mgongoni bila kulitua. Na mke wa Gan Bun-tek, mtu wa kwanza mlimani kumiliki kamera ya video. Yeye mwenyewe alisomesha watoto watatu kwa kuuza supu ya viazi vitamu. Mwaka wa kile kimbunga kikubwa alikataa kushuka bondeni. Alilifunga paa kwa kamba, akalala chini yake, na asubuhi paa lilikuwepo.

Mwanamke wa namna hiyo hatishwi na deki ya kanda za video. Lakini siku ya kumi na mbili ya mwezi wa saba wa mwandamo, mwezi ambao ndugu wema, yaani wafu wasio na wa kuwalisha, hufunguliwa mlango wakaja kula kwetu, deki yake kuukuu iliitafuna kanda, na Chiu-hong akang'oa waya ukutani kama anayezima moto.

Kanda ile aliitazama mara moja tu kwa mwaka, alasiri ya siku ya kumi na tano, baada ya kuwalisha wafu. Bun-tek aliipiga siku kama hiyo, miaka ishirini na moja nyuma. Meza zimepangwa kichochoroni, moshi wa udi umetanda, na Chiu-hong amempa mgongo mpiga picha, anachomeka kijiti cha udi katika kila bakuli. Kisha sauti ya Bun-tek inaita kutoka nyuma ya kamera: "Chiu-hong! Chiu-hong, geuka basi!"

Yeye hageuki. Katika mwezi huo ukiitwa kwa nyuma hugeuki, maana huenda aitaye si mtu hai. Hata mtoto anayenyonya hufundishwa hivyo. Majira ya baridi yaliyofuata kifua kilimchukua Bun-tek, na tangu hapo Chiu-hong alibeba neno moja moyoni: mume wangu aliniita, nami nikamwonyesha kisogo. Sauti nyingine ya mumewe hakuwa nayo.

Alitoa utepe kwa kijiti cha kulia chakula, polepole, kama atoaye mwiba kooni mwa mtoto. Akauviringisha kwa penseli, akashuka kwa Khoo, fundi wa redio na runinga. Njiani mke wa muuza tofu akamwona.

"Chiu-hong! Kununua mashine mwezi huu? Utarudi na mashine na mwenye mashine!"

"Akijua kuosha vyombo nitamshukuru. Wewe uliolewa mwezi wa heri, na uliyempata tunamwona."

Khoo alisikiliza, akakuna kichwa. "Shangazi, deki yako imekufa, hata vipuri havipo. Nitakuhamishia kanda kwenye diski, ununue deki ya diski. Shida ni ile runinga yako ya chogo. Ina tundu la antena tu. Nikikuwekea kiboksi cha kuunganishia itaonyesha, lakini ni kumpaka fahali poda. Chukua hii bapa. Mwezi huu hakuna anayenunua, nakupa kwa bei ya kutupa."

"Hamisha kwanza kanda. Ya bapa tutaongea."

Alirudi siku ya kumi na nne na mjukuu wake, Su-ting, muuguzi aliyepanda kutoka mjini kwa ajili ya sadaka. Khoo aliwasha bapa kubwa lililokuwa ukutani. Picha ikaja, safi kuliko Chiu-hong alivyowahi kuiona, na pana zaidi. Meza zilikuwa na ncha. Upande wa kushoto palikuwa na mlango wa jirani aliyehama zamani.

"Mbona kichochoro kimepanuka?" aliuliza.

"Hakikupanuka, shangazi. Runinga za chogo hukata kingo za picha. Hivi vyote vilikuwa kwenye kanda, ila yako ilikuwa haivionyeshi."

Na hapo, katika ukingo ule wa kushoto, mtu akatokea mlangoni. Mwanamume mwenye fulana nyeupe, amebeba kwa mikono miwili beseni la maji la ndugu wema kunawia, na taulo lao ameling'ata kwa meno. Akasimama, akatazama moja kwa moja kwenye kamera. Alikuwa Gan Bun-tek.

"Chiu-hong!" ikaita sauti ya Bun-tek kutoka nyuma ya kamera. "Chiu-hong, geuka basi!"

Taulo halikutikisika mdomoni. Bun-tek aliendelea kutazama, macho yamemtoka, na maji ya beseni yakaanza kumwagika miguuni mwake. Picha ikakatika.

Khoo alisogea kukikagua kioo kwa karibu.

"Labda alimwachia mtu kamera," Khoo akasema.

"Kamera ile hakumwachia hata mwanawe."

"Labda ni sauti ya mtu mwingine..."

"Khoo, nililala na sauti ile miaka ishirini na sita ya ndoa. Usinifundishe."

Su-ting alimshika bibi yake kiwiko, akidhani ataanguka. Chiu-hong hakuanguka. Alihisi kitu kizito kikimtoka kifuani. Basi Bun-tek hakumwita; aliyeita ni mwingine, aliyeazima sauti yake. Bun-tek hakuonyeshwa kisogo. Alisimama pale mdomo umejaa taulo, akiomba moyoni mkewe asigeuke. Wala hakumsimulia kamwe.

"Nifunge lipi, shangazi?" Khoo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Deki ya diski na kiboksi cha antena. Bapa baki nalo. Runinga yangu ina adabu, inajua la kuficha."

Kesho yake alasiri, sadaka zilipokwisha, waliweka diski katika runinga ya chogo. Kichochoro kilikuwa kimerudia wembamba wake, mlango wa kushoto haupo. Sauti ikaita. Runinga ile ina spika moja, nayo iko mbele, lakini Su-ting aliisikia nyuma ya shingo yake, karibu na sikio. Alipotaka kugeuza kichwa, kiganja cha bibi yake kilikwisha kumshika utosini, kikamkazia uso mbele mpaka picha ilipokatika.

"Bibi, tuichome hii."

"Hatumchomi aliyenijua kwa jina. Ana njaa huyo. Miaka yote nilimlia machozi, sikumpa hata maji ya kunawa." Chiu-hong alizima runinga. "Sikiliza sasa, kazi hii ni yako nikishaondoka. Kila siku ya kumi na tano utaweka beseni la pili, na taulo jipya, pale ilipokuwa kamera. Umwambie: Chiu-hong hayupo, nawa, ule, uende zako salama. Usimpuuze, lakini akikuita usigeuke."

"Akiita kwa sauti ya babu, sitageuka."

"Siyo ya babu yako, mwanangu. Mimi nikiwa nimekufa, ataita kwa sauti yangu."