Waumini wa Matofali Mabichi

Harufu ya udongo uliokandwa na nyasi hunisimamisha njiani hata leo. Nikipita mahali wanapofyatua matofali hubaki nimeduwaa, na wanafunzi wangu wakiniona hudhani mwalimu wao anatafakari jambo zito. Ukweli ni kwamba ninanusa tu.

Nilikuwa na miaka tisa, katika kijiji cha ujamaa upande wa Murukulazo, tulikohamishiwa kutoka kilimani kwetu. Watu wa kilima kile waligawanywa: wengine walipelekwa njia ya Rulenge, wengine Biharamulo, wengine hatukujua wapi. Walokole tuliobaki pamoja tulikuwa kaya tano, na mtoto wa kike wa rika langu hakuwapo hata mmoja. Watoto wa majirani zetu Wakatoliki walicheza nami mpaka kengele ya mafundisho ilipolia, kisha wakaniacha na mpira wao wa majani ya mgomba.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Mwaka ule aliamua tujenge, na kwa kaya zetu tano akapima jengo la kuketisha kijiji kizima. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kutazama, mikono nyuma.

"Mzee Elia, hili ni kanisa au uwanja wa ndege?"

"Watakuja, balozi."

"Akina nani? Marubani?"

Baba alicheka naye, akaendelea kuchimba.

Ukuta wa kulia aliupima baba, mtu mrefu kama mlingoti. Wa kushoto aliupima Fundi Lazaro, ambaye alinizidi kimo kidogo tu. Kila mmoja alihesabu hatua arobaini. Kuta zilipofika kozi ya tatu ya matofali, kamba ikaonyesha kwamba ukuta wa mbele ungekwenda mshazari. Fundi akashauri ule mrefu upunguzwe.

"Tupunguze nyumba ya Bwana?" Mama Debora, mwimbishaji wetu, alitua ndoo yake chini. "Fundi, wewe umeokoka kweli, au ulinyoosha mkono kwa kuwa wenzako walinyoosha?"

Basi ule mfupi ukarefushwa.

Kisha vita vikaanza. Fundi Lazaro alikwenda mpakani na mgambo wenzake, na lori tuliloahidiwa kwa ajili ya bati likabeba askari. Kuta zikabaki usawa wa kifua cha baba. Watu wazima wakarudi mashambani, nami kila nikitoka shule nikawa na jengo lile lote peke yangu. Niliimba, sauti ikaenda zake juu isirudi. Mwishowe nikaanza kubeba matofali mabichi kutoka kwenye rundo, nikayasimamisha kwa safu yawe waumini. Nilikuwa mhubiri mkali. Tofali moja la nyuma nililikemea kwa kusinzia, na ukali huo wanafunzi wangu watathibitisha kwamba sijaiacha.

Alasiri moja baba alinikuta katikati ya mahubiri. Matofali yale yalikuwa jasho la watu, na mawili nilikwisha kuyavunja. Nikasubiri fimbo.

"Huyu nani?" aliuliza, akigusa tofali la mbele.

"Bibi."

"Na huyu?"

"Baba mdogo Zakaria."

"Zakaria hawezi kukaa mbele, mama. Hupenda karibu na mlango." Akalihamisha. Akaenda kwenye rundo, akarudi na mengine mawili, kisha mengine. "Mama Yoeli umemsahau. Na wale wa bondeni kule kwetu."

Aliyapanga mpaka jua likaelekea kuzama, akitaja majina ambayo mengine sikuyajua. Nilinuna. Mtu mzima alikuwa amenipokonya mchezo wangu, na katika watu wake wote hakuweka hata mtoto mmoja.

Siku chache baadaye mvua ilitushukia ghafla. Kila mtu alikimbia na fungu la nyasi kufunika kuta, maana udongo mbichi ukilowa umekwisha. Baba alikuwa na fungu kubwa kuliko wote. Aliupita ukuta, akaingia ndani, akaanza kuwafunika waumini.

"Mzee Elia, ukuta!" Mama Debora alipiga kelele. "Hayo ni matofali tu!"

Wenzake walicheka, nami nikacheka. Nilisoma vitabu vingi kabla ya kuelewa kwamba baba alikuwa amelipima kanisa lile kwa watu wa kilima chetu, mmoja mmoja kwa jina, akiamini kwamba nafasi ikitosha watarudi. Nilidhani ni mimi tu niliyekosa mwenzangu pale. Ukuta wa kushoto ulianguka nyuma yake, wala hakugeuka. Ningalijua, ningaliokota fungu la nyasi nikamfuata.