Betri Nilizotumbukiza Chooni

Aibu hii ni yangu mwenyewe, na kwa kuwa mtaa mzima hapa Bariadi unaisimulia na wengine wanaongeza chumvi, nimeona bora niiseme kwa mdomo wangu.

Walikuja wataalamu kupima visima, wanatafuta madini yanaitwa lithiamu, yakizidi kwenye maji yanadhuru, wameyakuta kwenye korongo kule chini wakawa wanapanda kisima kwa kisima wajue yanatoka wapi. Mkubwa wao, mama mmoja, akasema yamo kwenye betri za simu na za tochi za kuchaji. Mimi nikadakia (mdomo huu sijui nilipewa wa nini), nikamnyooshea kidole Masanja, fundi simu, jirani yangu, "Mnayemtafuta ndiye huyo."

Masanja akaniita mama kwa Kisukuma chetu, "Mayu, acha wapime kwanza."

Watu hawakungoja. Walimsusa mpaka akafunga kibanda. Mimi nikazidi kujitapa, maana kisima changu alikichimba marehemu mume wangu na mtaa wote unachota bure, nikamwomba mwenyekiti majibu yasomwe kwangu, nikapika michembe ya viazi na karanga, nikaita watu waje wamsikie Masanja akiumbuka.

Yule mama akasimama. "Kwa Masanja hatujaona cha kutisha. Kisima kilichozidi vyote ni hiki."

Nikacheka. Peke yangu.

"Bibi, choo cha zamani kiko wapi?"

Nikamwonyesha, pale nyuma ya kisima.

"Mlitupa nini humo?"

Nami kwa majivuno nikajibu, "Wembe, sindano, betri. Betri mbovu zote za mtaa huu naletewa mimi, natumbukiza humo, watoto wasizichezee." (Ndivyo tulivyolelewa, kinachoweza kumuumiza mtoto kinakwenda chooni.)

"Tangu lini?"

"Tangu simu ziingie."

Watu wakaacha kutafuna. Masanja akasema taratibu, "Hata zangu alichukua yeye, akasema ananisaidia."

Kabula, mkamwana wangu, mimba yake imeshakuwa kubwa, alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini. "Mama, si ndiyo maji ninayokunywa kila siku?"

Nikamgeukia yule mtaalamu, nikamuuliza mtoto atakuwaje. Akasema, "Sijui, bibi. Mpeleke kliniki, waambie kila kitu." Afadhali angenitukana.

Sasa kisima kina mfuniko na kufuli, na wanawake wanapita na ndoo zao mlangoni kwangu, hata salamu ya "mwadila" hawanipi. Kwa Masanja, aliyefungua tena kibanda, nilikwenda kuomba radhi, akanipa kigoda, akaendelea na kazi yake.

Nimeapa sitamnyooshea mtu kidole tena kabla sijaangalia nyuma ya nyumba yangu, ila kiapo hakisafishi maji. Kabula amekwenda kujifungulia kwa mama yake kule Mwandoya. Kliniki hawakumwambia lolote la kueleweka. Alipoondoka nilimfungia michembe ya njiani, akaiacha mezani.