Pikapu ya Baba na Mifupa ya Mdogo Wangu

Fundi akikwambia "hakuna shida" kabla hajainama kutazama chini ya gari, ujue shida ipo. Hilo nilijifunza mapema. Baba alifariki mwaka mmoja baada ya mama, nikaacha shule nikiwa kidato cha pili, nikabaki na mdogo wangu wa kike na pikapu. Wengi walikuja kutusaidia siku zile. Mmoja alitusaidia akaondoka na betri. Tangu hapo sijamwachia mtu ufunguo, na anayeniona mkali aendelee tu kuniona.

Sisi tunakaa vilimani, upande wa ndani wa Kilwa, na kutoka kwetu hadi lami ni barabara ya udongo. Baba aliipitisha pikapu humo miaka yote, imejaa ufuta au nazi, mimi pembeni yake nikijifunza gia. Sasa mzigo wangu mkubwa ni mdogo wangu. Ana selimundu. Kila mwezi nampeleka kliniki Lindi, na maumivu yakimshika njiani, kila shimo la barabara linaingia kwenye mifupa yake.

Masika yaliyopita malori yalichimba mifereji miwili, katikati kukabaki tuta. Pikapu ikakalia tumbo juu ya tuta hilo, magurudumu yakawa yanazunguka bure. Mdogo wangu alikuwa ndani, maumivu yameshaanza. Wanaume wa kijijini walimbeba kwa machela ya miti na kanga hadi lami. Alikuwa ameuma ncha ya kanga yake njia nzima, asilie mbele za watu. Nikasema masika mengine hayatatukuta na gari hili likiwa chini namna hii. Litanyanyuliwa, livalishwe matairi makubwa.

Lakini pikapu zote zilizonyanyuliwa pande zetu nazijua. Ni ndefu na zinapita popote, ila ukikaa ndani meno yanagongana. Nikizinyanyua springi halafu zikawa ngumu, nitakuwa nimemwondoa mdogo wangu kwenye tope na kumtia kwenye kinu.

Tulifikia kwa mama mdogo, Lindi mjini. Asubuhi ya kwenda gereji nilimwomba mdogo wangu rangi yake ya kucha, ile nyekundu. Akaniuliza naenda harusi ya nani. Nikaingia chini ya gari nikatia nukta kila jani la springi, vile vyuma bapa vinavyobeba gari, mbele na nyuma, na kila shokapu. Nimesikia habari nyingi za magari yaliyoingia gereji na vyuma vizima yakatoka na vya watu wengine.

Fundi alikuwa mtu mzima, wa umri wa baba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza mume wangu yuko wapi amweleze kazi. Nikamwambia kazi nitaieleza mimi. Nataka gari lipande matairi haya yasiguse madigadi, na ninapokaa ndani nikae kama zamani. Lisiwe gumu. Akasema hakuna shida. Alipoinama akaziona nukta, akawaita wenzake.

"Njooni muone, gari limetiwa rangi ya kucha. Bado hina tu tulipeleke kwa bwana harusi."

Walicheka sana. Mimi nilikalia ndoo iliyopinduliwa, nikawatazama mikono. Nilikaa hapo hadi mchana, nikaondoka mara moja tu kumpelekea mdogo wangu dawa aliyoisahau kwenye pochi yangu. Niliporudi gari lilikuwa limesimama juu ya matairi mapya, refu, zuri hata mimi nilikubali. Ila nyuma kulikuwa na magunia ya mchanga, yamepangwa vizuri kana kwamba tunasafiri.

Nikauliza ya nini. Akasema ya kujaribia, gari hujaribiwa na mzigo. Tukaliwasha, yeye kwenye usukani, tukashika barabara mbovu ya nyuma ya gereji. Kweli lilikwenda taratibu, linapanda na kushuka kama godoro. Fundi akanitazama kwa upande, anasubiri sifa. Mimi nilikuwa nawaza magunia. Kwa nini mtu mwenye kazi nzuri ahangaike kupakia mchanga?

"Tuushushe," nikamwambia.

"Binti, hii ni pikapu. Nani anaendesha pikapu tupu?"

"Mimi. Mzigo wangu ni mtoto mmoja, na anaumwa mifupa."

Magunia yakashushwa, tukarudi barabara ile ile, na mara hii nilishika usukani mwenyewe. Jiwe la kwanza lilinirusha nikagonga kichwa juu. Nikalisimamisha pale pale, nikaingia chini. Majani yangu yalikuwepo, na nukta zao. Lakini chini yao kulikuwa na majani mengine manene, ya lori, yamepakwa oili yafanane. Na paipu ya breki ilikuwa imevutika kama kamba ya kuanikia nguo.

Nilitegemea atakana. Hakukana. Alisema paipu angeibadilisha kabla sijaondoka, jambo ambalo siliamini na hadi leo siliamini. Lakini kuhusu majani alinishangaza. Alisema kila anayekuja kunyanyua gari kwake anakuja kwa ajili ya korosho, ufuta au nazi, na wote wanasema lisiwe gumu, na wote wakishapakia linakuwa laini. Hajawahi kuombwa kunyanyua gari la mtu mmoja.

"Ungesema tangu asubuhi kuwa ni la mgonjwa," akasema.

Kweli sikusema. Sipendi kumtaja mdogo wangu kwa watu nisiowajua.

Majani ya lori yakatolewa. Akanionyesha springi zangu zenyewe, zimenyooka kama rula, akasema aliyekuwa na gari hili alipakia kupita kiasi. Nikamwambia ni baba. Akasema basi tutaupunguza mzigo wa baba mgongoni mwake. Aliyafungua majani moja moja, akayaweka juu ya chuma kizito, akayapiga nyundo mpaka yakarudisha mkunjo wake. Akaongeza jani moja tu, jembamba na refu. Akafunga shokapu ndefu kuliko za zamani na paipu ya breki ndefu, mbele ya macho yangu. Akasema na upepo wa matairi usijazwe sana hadi yakawa magumu.

Nilimsimamia hadi mwisho, lakini nyundo ilibandua rangi yote ya kucha. Majani yalirudi chini ya gari bila nukta hata moja. Kama alibadilisha lolote, sitajua. Nimeshaingia chini mara nyingi kuyatazama, yananitazama tu.

Siku ya kurudi nyumbani mdogo wangu alipanda kwa shida kidogo kwa sababu ya urefu, nikamsukuma kwa bega. Kwenye lami nikamuuliza kama anaumia. Akasema haumii. Lakini huyu naye simwamini kwa neno hilo, amekuwa akilisema tangu nilipoanza kumwendesha, ili nisisimamishe gari nikalia. Mimi hutazama mkono wake wa kushoto. Akiumia hushika mpini wa mlango, vidole vikakaza.

Tulipoiacha lami aliushika mpini. Nikapunguza mwendo. Mashimo ya kwanza yakaja, gari likainama na kuinuka bila kugonga, nami nikawa natazama barabara kidogo na mkono sana. Tukafika penye lile tuta. Mvua za mwanzo zilikuwa zimeshalilainisha. Nilipanga matairi kwenye mifereji, nikasubiri sauti ya tumbo kukwaruza. Haikuja.

Nilipogeuka, mpini haukuwa na mkono. Alikuwa ameweka pakiti ya karanga mapajani, anazimenya kwa mikono miwili, na maganda anayatupa kwenye sakafu ya gari niliyoifagia asubuhi.

"Dada, unataka?" akauliza.

Nikapanua kiganja.