Redio Iliyowekwa Utawani

Mpwa wangu, mwalimu wa sekondari huko Kaloleni, hunitumia tovuti za masomo kwenye simu. Hii ya Hisabati, hii ya Kemia, hii ina michoro inayotembea. "Mjomba, ungezipata hizi zamani ungekuwa injinia," huniambia. Nami humuuliza jambo moja tu: chumba cha kompyuta hapo shuleni kwenu, ufunguo anao nani? Hucheka. Anao mwalimu mkuu.

Nilijua. Watu hawa nawafahamu tangu miaka ya themanini.

Shule yetu ilikuwa nje ya mji wa Kilifi, kwenye barabara ya vumbi, katikati ya mikorosho. Nilikuwa kidato cha nne na nilitaka kitu kimoja duniani: kufaulu Fizikia, niingie chuo cha ufundi Mombasa, nijifunze injini za meli. Bila Fizikia hawakuchukui. Na mwalimu wa Fizikia hatukuwa naye. Alituacha katikati ya muhula akaenda kukaa mapokezi katika hoteli moja ya Bofa. Tulimwona siku moja kwenye lango la hoteli, amevaa shati la maua, anawachekea watalii meno yote nje. Sisi hakuwahi kutuonyesha hata jino moja.

Lakini redio ilikuwepo. Shule ilikuwa imeletewa redio kubwa ya mawe sita, betri zile nene, mahususi kwa vipindi vya sekondari. Fizikia ya kidato cha nne ilikuwa Jumatano alasiri. Wanafunzi wa shule jirani walikuwa wakiisikiliza yao, na tukikutana mpirani walitutambia. "Kuna mwalimu humo ndani," walisema, "akifundisha umeme, unauona unatembea kwenye waya."

Mwalimu mkuu wetu, mtu wa bara, aliipokea redio kama anayepokea bibi arusi. Aliiweka ofisini juu ya kabati, mkewe akaifumia kitambaa cheupe chenye waridi pembeni, mlango ukatiwa kufuli. Ilifunuliwa mara moja kwa siku, baada ya taarifa ya habari ya mchana, kwa ajili ya matangazo ya vifo. Akishasikia nani kafa huko kwao, huifunika. Sina ugomvi na mtu anayetaka kujua misiba yake. Ila ile redio haikuletwa kwa ajili ya maiti.

"Redio ya watu iko utawani," alisema rafiki yangu, kijana wa Rabai aliyekuwa akikaa dawati moja nami. "Imevikwa buibui jeupe. Mwanamume haruhusiwi kuiona."

"Basi twende tukapose," nikamwambia.

Tukaenda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Mnataka nini?" Marahaba hakuijua, au aliona itamshusha.

"Twaomba redio, mwalimu. Jumatano, kipindi cha Fizikia."

"Nyinyi watu wa pwani nawajua. Leo Fizikia, kesho taarabu. Na mawe atanunua nani?"

"Yakichoka tutayaanika, mwalimu," akasema rafiki yangu. Kwetu kila nyumba ilifanya hivyo: mawe ya redio yakiisha nguvu huwekwa juani juu ya bati, yakasukuma siku mbili tatu zaidi.

"Kaanikeni nguo zenu," akatujibu.

Kisha, asubuhi moja, akaja mkaguzi kutoka wilayani. Dereva hakuzima hata gari. Ilijulikana kwamba mzee anakimbilia Malindi, ana samaki wake wa kukaanga huko. Ghafla mwalimu mkuu akakumbuka kuwa sisi ni wanafunzi. Redio ikaletwa darasani imebebwa kwa mikono miwili, kitambaa kikavuliwa, akaiwasha.

Mtu yule saa ya redio aliyoijua ni moja tu, ile ya marehemu. Hakujua kwamba asubuhi ni vipindi vya darasa la kwanza.

"Hamjambo, watoto wazuri!" ikasema sauti ya mama. "Leo tutaimba wimbo wa bata!"

Mwenye akili angeizima, akaomba radhi, akasema tumekosea saa. Lakini kuizima ni kukiri mbele ya mkaguzi kwamba hajui ratiba. Akatutolea macho. "Simameni! Fuateni maagizo!"

Tukasimama, vijana wenye ndevu. Tukapiga makofi. Tukachuchumaa, tukazunguka madawati kama bata, na nyuma yangu rafiki yangu akininong'oneza: "Umeme huo, ndugu yangu. Wauona unavyotembea?"

Mkaguzi alitazama saa yake. "Ushirikiano mzuri sana," akasema. "Kuna shule redio zimelala tu ofisini."

Nimezurura sana tangu siku ile, Lamu hadi Tanga, na sijaona tena watu wazima wawili wakipeana mikono kwa furaha namna ile juu ya upuuzi mtupu.

Gari lilipoondoka nikamfuata mwalimu mkuu. "Mwalimu, basi Jumatano tuletewe ya Fizikia?"

"Si mmesikiliza leo?" akasema, huku akiifunika. "Mnataka kunimalizia mawe?"

Mtihani ukaja. Maswali ya umeme yalikuwa mengi. Nilichora waya, nikachora balbu, nikabaki naitazama ile balbu.

Nilikwenda kuchukua matokeo mchana. Alinisukumia karatasi mezani bila kunitazama. Fizikia, tisa. Nimeanguka.

"Mwalimu, lau tungevisikiliza vile vipindi..."

Akainua kidole. "Nyamaza kwanza."

Redio ilikuwa ikikoroma, mawe yamechoka. Kitambaa kiko begani kwake, sikio kalibandika kwenye spika. Mtangazaji alikuwa akimtaja marehemu fulani, baba yake, kaka zake, na mahali pa mazishi. Nikasimama na karatasi yangu mkononi mpaka matangazo yote yakaisha. Hakuwemo mtu wake. Akaizima, akaifunika, akanyoosha waridi zake kwa vidole.

"Ulikuwa unasema?"

"Mawe yako yamekwisha, mwalimu," nikamwambia. "Kayaanike."