Daraja Lililopinda Ukutani

Fundi wa kutengeneza vyerehani alikuwa na mdomo. Ukimpelekea mashine iliyokwama, unaondoka nayo ikiwa nzima, wewe masikio yamechoka. Asubuhi moja, akifunga viatu, kiharusi kikampiga. Miezi mitatu alilala chumbani akielewa kila kitu, ulimi umegoma.

Ukutani mbele ya kitanda ilining'inia picha ya kale, iliyochapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi iliyokwisha kupauka: daraja la mawe lenye matao matano, punda na mzigo wake, na mwanamke anayefua ukingoni mwa mto. Fundi aliinunua mnadani yeye na mkewe walipokuwa maharusi, siku aliyotumwa kununua godoro. Mkewe alimnunia siku mbili, kisha akaitundika mwenyewe.

Sasa, mwezi wa tatu wa ugonjwa, mkewe aliishusha kuifuta vumbi, akairudisha, akaendelea kukunja mashuka. Fundi akaitazama. Upande wa kulia ulikuwa chini, mto kama unataka kumwagika sakafuni. Akavumilia wee, akashindwa.

"Imepinda."

Mkewe akageukia redio, aliyozoea kuiwasha kuvunja kimya cha nyumba. Ilikuwa imezimwa.

"Baba Pacha, ni wewe?"

"Im... pinda."

Mama wa watu akakalia mashuka aliyokwisha kuyakunja, akacheka huku analia. Ndipo akainuka kuinyoosha.

Tangu hapo picha ikawa darasa. Kila asubuhi mkewe alielekeza kwa mwiko: tao, jiwe, maji. Neno punda peke yake lilichukua wiki. Mabinti zao mapacha wakija Jumamosi, nao walimkalisha kitako.

"Baba, huyu mama anafanya nini?"

"Ana... fua."

"Nguo za nani?"

"Zenu," akasema, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Mwezi wa sita tangu augue, wakiwa mezani, alianza sentensi ndefu. Chai ikapoa. Mkewe hakumdokezea hata neno, maana alijua hapendi.

"Asante... kwa... kunisubiri."

"Miaka thelathini nakusubiri utengeneze bomba la jikoni," mkewe akajibu. "Hili ndilo lingenishinda?"

Fundi akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Jioni shemeji yake akaitwa, akaja na spana. Fundi akakaa jikoni kwenye kiti, akimwelekeza neno kwa neno, kulia, taratibu, kaza, mpaka bomba likaacha kudondoka. Mkewe alisimama mlangoni akisikiliza, na hakuwa na haraka ya kuwasha redio.