Jasho la Baba Mkwe

Shule sikuingia hata siku moja. Baba alisema msichana akijua kuandika atajitafutia bwana kwa barua. Ndugu zangu wakacheka, wakaenda wao. Herufi nimezijua juzi tu, kwenye darasa la akina mama kanisani, nikiwa na miaka arobaini. Lakini kuna kitu kimoja nilijua kukisoma kabla ya ndugu zangu wote, nacho ni kipimajoto. Kwetu Kabuchai tulikiita kioo cha homa.

Nilijifunza Kitale, mwaka wa 1938, nilipokuwa yaya kwenye shamba la Mzungu aliyelima mahindi. Mtoto wake alikuwa dhaifu wa kifua, na mama yake alitaka mtu wa kumsaidia kumwangalia. Akanionyesha. Kwanza unakikung'uta kwa nguvu, mpaka ule uzi wa fedha ulio ndani urudi chini. Ndipo unakiweka kwapani. Uzi ukishapanda hauteremki wenyewe, hata ukitoka nacho nje kwenye baridi, mpaka ukikung'ute tena. Kuna mshale mwekundu. Uzi ukifika kwenye mshale, mtoto ni mzima. Ukipita mshale mistari miwili mikubwa, niite. Namba hakunifundisha, mistari ilinitosha. Vita vilipoanza bwana wake akaenda jeshini, nyumba ikafungwa, naye akanipa kile kioo pamoja na barua ya kusema sikukiiba.

Nikarudi nyumbani, nikaolewa na Eliakim, aliyekuwa akitengeneza baiskeli sokoni. Watu wakaanza kuniletea watoto wao. Mimi niliyeachwa nyumbani nichunge mbuzi, sasa mke wa mwalimu ananingojea mlangoni. Utamu wake ulikuwa mkubwa, siwezi kuuficha. Nilikuwa nikienda nyuma ya nyumba, nawapa mgongo, nakikung'uta kioo peke yangu, kisha narudi. Wakaamini kwamba kioo kinautii mkono wangu tu. Nami nikawaacha waamini.

Kwetu Wabukusu, mke haingii nyumba anamolala baba mkwe. Hamgusi, hali mbele yake, na jina lake halitaji. Hata leo, yeye yuko kaburini na mimi nilishafukuzwa, jina lake halinitoki. Nitamwita mzee.

Mwaka wa 1944, mvua kubwa zikinyesha, mzee alishikwa na kichomi. Alianza kukohoa Jumapili. Jumatatu hakula. Lori la duka lilikuwa likipita sokoni kila Alhamisi kwenda Kitale, na kila mtu alijua kwamba mgonjwa wa kupelekwa hospitali anapelekwa siku hiyo au anangoja wiki nzima. Mzee mwenyewe hakutaka. Alisema waliokwenda huko aliwaona wakirudi wamefungwa ndani ya blanketi.

Eliakim akaja jikoni kwangu. "Mama watoto, toa kioo chako. Kikisema homa, nitambeba hata akinipiga na bakora. Kikisema hakuna, tumwache alale."

Kwa hiyo neno likawa langu. Lakini mkono haukuweza kuwa wangu. Nilikikung'uta kioo nyuma ya nyumba kama kawaida, nikampa wifi yangu Rispah, binti wa mzee, ambaye alikuwa bado hajaolewa. Nikamwambia, "Weka kwapani, mshike mkono usiteleze, uhesabu mpaka mia tatu, kisha uniletee." Mengine sikumwambia.

Akaingia. Mimi nikakaa kwenye baraza ya jikoni nikitazama ule mlango. Alitoka kwa upande wa nyuma, akazunguka, akanipa kioo kikiwa safi, kikavu, kinang'aa. Nilifurahi kuona anavyokitunza.

"Kinasema nini?" Eliakim akauliza.

"Uzi uko chini ya mshale. Homa hana."

"Hata kidogo?"

"Njoo uone mwenyewe kama una macho."

Akacheka. "Nione nini, unywele wa paka ndani ya chupa? Si wewe ndiye daktari."

Rispah hakucheka. "Lakini baba ni moto, wifi. Nikimshika naungua."

"Mkono wako umetoka kwenye mafiga," nikamwambia. "Kioo hakipiki ugali."

Eliakim akacheka zaidi. Rispah akainama. Maneno hayo niliyaona matamu siku ile. Sasa yakinijia nikiwa napalilia, nasimamisha jembe.

Jumanne ikawa hivyo hivyo, na Jumatano. Kila mara uzi ulikuwa chini kabisa, mbali na mshale. Hapo ndipo akili yangu ilipaswa kuamka. Mtu mzima uzi wake unafika kwenye mshale. Wa mzee haukukaribia. Kama kioo kilisema kweli, basi yule mtu alikuwa baridi kama mtungi. Nikajijibu kwamba ni uzee, damu ya wazee ni ya baridi. Nani aliniambia hivyo? Hakuna. Nilijitungia mwenyewe ili nisikubali kwamba kuna jambo silijui.

Na masikio nilikuwa nayo. Jumatano jioni nilikwenda kuchukua kuni zilizopangwa kando ya ukuta wa nyumba yake, nikamsikia akipumua. Pumzi zilikuwa fupi fupi, kama mbwa aliyetoka kukimbiza sungura, na mwisho wa kila pumzi kulikuwa na mguno. Yule mtoto wa Kitale alipopumua hivyo, mama yake hakutafuta hata viatu, alimbeba peku mpaka kwenye gari. Nilisimama pale na kuni mkononi. Mlango ulikuwa hatua nne. Kama ningeingia nikamshika mwenyewe, wangenisema, na mwisho angechinjwa kondoo wa kututakasa, mimi na yeye, mambo yakaisha. Kondoo mmoja. Nikaondoka na kuni zangu.

Alhamisi lori likapita. Jumamosi mchana mzee akafa.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo wakaketi. Mmoja akasema nilikuwa nikiutazama mwili wa mkwe wangu kwa kioo, kwamba hiyo ni aibu isiyo na dawa. Mwingine akasema nilikuwa nikihesabu siku zake. Nikamtazama Eliakim. Yeye ndiye aliyeniletea kazi ile, yeye ndiye aliyelisikia lori likilia sokoni akaendelea kuziba pancha.

"Mimi nilifuata maneno yake," akasema. "Alisema hana homa."

Wazee wakanifukuza. Watoto wangu wawili wakabaki kwa baba yao, kama ilivyo desturi, nami nikaenda kwa kaka yangu Barasa, aliyekuwa akiendesha trekta kwa mlowezi mmoja huko Naitiri. Nilikaa miaka kumi na moja kwenye kibanda cha vibarua. Kipimajoto nilikizungushia kitambaa nikakiweka chini ya nguo, wala sikumpima mtu.

Mwaka wa 1955 Rispah akaja. Alikuwa ameolewa Bumula, na mtoto mgongoni, macho yake yamezama.

"Wifi, najua huna sababu ya kunifungulia," akasema. "Ninampeleka Kitale. Mume wangu anasema ni meno tu, nirudi. Nipimie. Nikijua, sitageuka."

Nilitaka kumwambia aende akawaulize wazee wa ukoo wake. Lakini mtoto alikuwa akiguna. Nikakitoa kioo, nikakikung'uta mbele yake, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu, nikampa akiweke mwenyewe maana mtoto alilia kila nilipomkaribia. Alipomaliza, akakichomoa, akakichovya kwenye bakuli la maji, akakirusha kwa mkono mara tatu kama mtu anayekausha kijiko, akakifuta kwa leso, akaninyooshea.

Uzi ulikuwa chini kabisa.

"Rispah," nikasema, "kwa nini umekiosha?"

"Si nimezoea. Hata kwa baba nilikiosha. Ningekupa na jasho la mkwe wako? Ungekuwa umemgusa."

"Na kukirusha hivyo?"

"Maji yatoke. Kwani?"

Nikakaa chini. Nikamwonyesha. Nilimpima mtoto tena, nikampa aone uzi ulivyopanda ukapita mistari mitatu juu ya mshale, kisha nikakikung'uta, uzi ukashuka. Nilifanya polepole, kama nilivyofanyiwa mimi. Kazi ya kufumba na kufumbua. Ningeweza kuifanya siku ile ya Jumatatu, mbele ya jiko, kama nisingependa sana kuwa mjuzi peke yangu.

Rispah aliziba mdomo kwa leso. "Basi mimi ndiye niliyemuua baba."

"Ulikuwa unaniheshimia mwiko," nikamwambia. "Beba mtoto, uende."

Mtoto alipona. Na Rispah, ambaye ningemsamehe hata kama angenyamaza, alikwenda Kabuchai akamweleza kaka yake yote.

Eliakim akaja kwa baiskeli, mvi kichwani, akakaa kwenye gogo nje ya kibanda. Alizungumza juu ya barabara, juu ya mahindi, juu ya watoto wetu. Mwishowe akasema, "Kumbe halikuwa kosa lako. Wazee wamesikia. Unaweza kurudi."

Nikamuuliza, "Ulimsikia baba yako akipumua?"

Alitazama mikono yake, ile mikono yenye grisi isiyotoka. "Nilimsikia."

"Siku gani?"

"Jumatano. Nilikuwa nimekaa naye."

"Mimi nilikuwa nje, kwenye kuni. Nilimsikia pia."

Alikwangua grisi kwenye ukucha. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini kioo kilisema."

"Ndiyo," nikasema. "Kilisema tulichotaka."

Aliondoka kabla ya mvua. Nilimwambia watoto waje wanione kila mavuno, naye akakubali. Kurudi sikurudi. Wanawake wa kanisani wananiuliza ni moyo gani huu, mume amekuja mwenyewe na jina limesafishwa. Siwaelezi. Jina limesafishwa kweli, lakini hatua zile nne sikuzitembea.