Taa Nyeupe Kwenye Ukungu wa Newala

Kuanzia Juni mpaka Agosti ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma, unakaa barabarani asubuhi nzima, na taa ya bajaji inaishia kwenye gurudumu lake la mbele. Nilikuwa najua. Nimezaliwa huku juu Newala, nimekwenda shule ndani ya ukungu huo nikiwa nimeshika mkoba wa mwenzangu ili nisipotee. Kwa hiyo nilichokifanya sina wa kumsingizia.

Bajaji ilikuwa ya mume wangu. Alikufa kwa ini, akaniachia watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Siku ya arobaini ndugu zake walikaa kikao nyumbani kwangu, na mjomba wake ndiye aliyesema. Kwetu mali ya mwanaume inarudi kwa watoto wa dada yake. Watoto aliowazaa ni wa ukoo wa mama yao. Kwa hiyo hakuna aliyenigombea watoto. Watoto walikuwa wangu kabisa, wao na njaa yao. Kilichokuwa na wenyewe ni bajaji.

Mjomba hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema mpwa wa marehemu yuko Mtwara anahangaika na maisha, kwa hiyo kwa sasa niiendeshe mimi niwalishe wajukuu.

"Lakini mama," akasema, "siku bajaji ikilala bila kazi, au siku ikimwumiza mtu, inarudi nyumbani."

Nyumbani maana yake kwao.

Nilikwenda Chiungutwa kumlilia mjomba wangu mwenyewe, kwa sababu kama mila ni ya wajomba basi na mimi ninaye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mabati ya nyumba ya mama yangu yalitoka wapi. Alikuwa anajua kwamba ninajua. Kaka mwingine wa mama alipokufa, kaka zangu walikwenda kuezua nyumba yake. Mimi nilikuwa darasa la tano, nilibeba misumari kwenye kopo, nikifurahi kwamba mvua haitatunyeshea tena. Mjane wake alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, na mimi nilipita mbele yake na kopo langu likilia, wala sikumpa shikamoo.

Basi nikarudi kuendesha bajaji. Mume wangu alinifundisha mwenyewe, akicheka ninavyokata kona kama nakata muhogo. Abiria wangu wa uhakika walikuwa wanawake watatu wanaouza vitumbua, chai na mihogo ya kukaanga stendi. Wanatakiwa wafike kabla basi la kwanza halijaondoka, kwa hiyo nilikuwa nawachukua alfajiri. Bila hao siku yangu haianzi.

Taa ya mbele ilikuwa imechoka. Kioo chake kimefubaa, mwanga wake kama wa kibatari. Mwezi wa sita nusura nimgonge mtu wa baiskeli aliyebeba mkaa. Alinitukana kwa Kimakonde, matusi mazuri, nikamwambia asante. Lakini mama wa vitumbua alikuwa ndani, akasema kesho atapanda bodaboda, na wenzake wakamwuliza nauli yake ni kiasi gani. Bajaji ilikuwa inaelekea kulala.

Nikaenda kwa fundi. Nikamwambia nataka taa mbili za ziada mbele, na swichi yake. Akaniuliza mwenye bajaji yuko wapi. Nikasema ni mimi. Akatabasamu kama mtu anayemwambia mtoto habari za mbinguni, akasema kazi ya umeme nimlete mwanaume tuelewane, umeme unapiga.

"Volti kumi na mbili hazimpigi mtu," nikamwambia. "Labda wewe, kwa sababu hukusoma."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, na pale nikawa nimepoteza fundi.

Haya. Nimemaliza kidato cha nne. Fizikia ndiyo niliyopenda, na ndiyo iliyonisaidia kidogo kuliko masomo yote, maana hakuna aliyewahi kuniuliza chochote cha fizikia maishani. Nikapeleka abiria Masasi, na huko nikaingia duka la vipuri nikanunua taa mbili nyeupe za kisasa, waya mwekundu na mweusi, swichi, fyuzi, na relei, kile kidude kinachobeba umeme mkubwa ili swichi isiungue. Muuzaji alinishauri nichukue hizo nyeupe kabisa. Alikuwa na za njano pia, zimejaa vumbi kwenye rafu ya juu. Akasema hizo ni za zamani.

"Hizi nyeupe, dada, ukiwasha hapa wanakulalamikia Msumbiji."

Masasi ni chini. Jua linawaka, mawe makubwa yamesimama mjini, hewa kavu. Mtu wa Masasi ukungu anausikia kwa watu wa Newala. Alinishauri kwa barabara zake. Na mimi wa Newala, mwenye kuujua ukungu tangu sijaota meno, nikaingiwa na akili ya Masasi kwa sababu nimesimama kwenye duka la Masasi na taa zimewashwa zinang'aa, macho yanauma. Nilizitaka. Niseme ukweli wangu wote: nilizitaka.

Nilizifunga Jumapili uani, mtoto mgongoni. Mchomeleaji wa mageti alinitobolea matundu mawili kwenye chuma cha mbele, juu karibu na kioo, maana niliamini taa ikiwa juu inaona mbali. Nikapitisha waya mwekundu kutoka kwenye betri, fyuzi karibu na betri kama inavyotakiwa, kisha relei, kisha taa. Waya mweusi nikaufunga kwenye bodi. Nikawasha. Zikawaka hafifu, kama zinaumwa. Jirani aliyekuwa anachungulia akasema bora ningemlipa fundi. Nikafikiri. Rangi. Waya mweusi ulikuwa umekaa juu ya rangi, umeme hauna njia ya kurudi. Nikakwangua rangi kwa kisu cha jikoni mpaka chuma kikang'aa, nikakaza nati, nikawasha tena.

Ukuta wa choo ukawa mweupe. Mwanangu mkubwa akapiga makofi. Nikazizima, nikaziwasha tena, kwa sababu tangu mume wangu afe hiyo ilikuwa mara ya kwanza kitu nilichokishika kinakubali.

Jumatatu jioni nilimzungusha mama wa vitumbua ili aone. Hakukuwa na ukungu. Barabara ilionekana mpaka kokoto zake. Akasema sawa, atawaambia wenzake.

Jumanne alfajiri ukungu ulikuwa mzito. Nikawapakia wote watatu na mabeseni yao, nikashika barabara, nikawasha taa zangu.

Sikuona kitu. Sijui niseme vipi kwa mtu wa nchi kavu. Ulikuwa ukuta mweupe umesimama mbele ya uso wangu, na kila nilivyosogea ulisogea nao. Mwanga wangu mwenyewe ulikuwa unanirudia machoni. Nikazima, na kwa kuwa macho yalikuwa yameshazoea ule mweupe, giza likawa giza kweli, ile taa ya zamani sikuiona kama ipo. Nikawasha tena. Mama wa chai akasema, "Simama kwanza, mwanangu." Ningesimama. Lakini basi la kwanza lilikuwa linapiga honi stendi, na nilijua nikiwachelewesha leo wamekwenda moja kwa moja, nikasema tunafika.

Karibu na bomba la maji barabara inapinda kidogo. Maji kwetu yanatoka siku yakitaka, kwa hiyo watu hupanga ndoo na madumu tangu usiku, mstari mrefu kandokando ya barabara, kila chombo kimesimama badala ya mwenyewe. Nikaingia kwenye mstari ule. Plastiki zilipasuka moja baada ya nyingine, nikasikia kabla sijaona, kisha gurudumu likaingia mtaroni na bajaji ikalala ubavu, polepole kabisa.

Mama wa vitumbua aliteguka mkono. Wengine walichubuka. Lakini kelele haikuwa ya mkono wake. Wanawake walitoka kwenye ukungu kutoka kila upande, na ugomvi ulikuwa nani alikuwa wa ngapi. Mmoja alinikamata kanga akaniambia alikuwa wa nne, wa nne, amekaa siku tatu hajaoga, nimweleze sasa yeye ni wa ngapi. Dereva mzee wa lori alisimama kusaidia kuinyanyua. Akazitazama taa zangu, akasema kwenye ukungu taa nyeupe ni pazia. Ningefunga za njano, tena chini, usawa wa goti. Alisema bila kunicheka, kama mtu anayesema kitu ambacho kila mtu anakijua.

Siku ya tatu mjomba wa marehemu alikuja na yule mpwa kutoka Mtwara. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Mpwa aliinama akakagua waya, akauliza nani amefunga. Nikasema mimi. Akasema kazi nzuri, na hapo ndipo nilipotaka kumpiga.

Nilichukua spana nizifungue taa zangu. Mjomba akanizuia, akasema kilichofungwa kwenye mali ya mtu kimekuwa cha mwenye mali.

"Mwanenu alikaa kwangu miaka saba," nikamwambia. "Mbona hakuwa wangu?"

Akasema, "Ndivyo ilivyo, mama."

Wakaondoka nayo.

Watu waliniambia kuna sheria. Nami najua ipo, nilisoma uraia. Nikaenda ofisi ya mahakama ya mwanzo, nikaeleza, na karani, kijana mwenye adabu, akaniambia mjane ana haki yake, ila kwanza nilete muhtasari wa kikao cha ukoo wa marehemu, umesainiwa na mkubwa wa kikao. Nikamwuliza kama mkubwa wa kikao ndiye aliyechukua mali nifanyeje. Akasema utaratibu ndio huo.

Nikatembea mpaka kwa mjomba huyo, mtoto mgongoni, mwendo wa nusu siku. Alinikaribisha mkeka. Alimpakata mtoto akasema anafanana na baba yake. Nilipomtolea karatasi ya muhtasari ili aisaini, aliisoma yote, akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake, akanirudishia, akasema hilo halitawezekana. Mkewe akaniletea uji wa muhogo kwenye bakuli.

Nilitaka kuumwaga. Nilikuwa na njaa na maziwa yalikuwa yanakauka. Nikaunywa wote mbele yao, nikarudisha bakuli, nikasema asante.